Ba' ya Kirkwall haihitaji refa wala jezi

Mhariri,

Toleo lenu la baada ya Krismasi lilikuwa na picha ya mtaa mwembamba uliojaa wanaume wamebanana kifua kwa mgongo, mvuke unafuka juu ya vichwa vyao. Chini yake mkaandika: "Fujo za Krismasi huko Uskoti." Siku chache baadaye msomaji mmoja akashauri katika ukurasa huu huu wa barua kwamba watu wale wakipewa jezi za rangi mbili, refa na dakika tisini, mchezo wao utaeleweka na hata televisheni itaununua. Maneno ya chini ya picha yalikosea, na ushauri ule umekosea zaidi.

Pale ni Kirkwall, mji mkuu wa visiwa vya Orkney, kaskazini ya Uskoti bara, wenye wakazi kama 10,000. Mchezo unaitwa Ba'. Ndivyo watu wa huko wanavyotamka neno la mpira, mwisho wake wanaumeza. Huchezwa tarehe 25 Desemba na tena tarehe 1 Januari, katikati ya mji, baina ya maduka na kanisa kuu. Wavulana wasiofika miaka 16 huanza saa 4:30 asubuhi, wanaume saa 7 mchana. Hakuna uwanja, hakuna idadi ya wachezaji, hakuna kanuni iliyoandikwa. Hayo ni kweli, na nadhani ndiyo yaliyowafanya muone fujo.

Nianze na jezi. Pande ni mbili: Uppies, watu wa juu, na Doonies, watu wa chini. Majina yao kamili ni Up-the-Gates na Doon-the-Gates, na hiyo "gate" si geti. Ni *gata*, neno la Kinorwe cha kale lenye maana ya njia, lililobaki tangu visiwa vilipokuwa chini ya Wanorwe, kabla mfalme wao hajaviweka rehani kwa Uskoti mwaka 1468 kwa sababu fedha za ndoa ya binti yake hazikutimia. (Kwao baba wa bibi harusi ndiye alipaye, si bwana harusi.) Kwa desturi ya zamani, aliyezaliwa kaskazini ya kanisa kuu la Mtakatifu Magnus, upande wa bandari, ni Doonie. Aliyezaliwa kusini yake ni Uppie. Mpaka huo haukuchorwa kwa ajili ya mchezo. Zamani sehemu ya kusini ilikuwa milki ya askofu, na ya kaskazini ilikuwa mji wa wafanyabiashara, kila upande na mwenyewe.

Siku hizi watoto wanazaliwa hospitali, na hospitali iko upande wa juu. Desturi hiyo ingeshikwa neno kwa neno, Doonies wangekwisha katika kizazi kimoja. Kwa hiyo sasa mtu hufuata upande wa baba na babu yake. Mgeni aliyehamia huhesabiwa kwa njia aliyoingilia mjini mara ya kwanza: aliyeteremka melini pale bandarini ni Doonie, aliyeingia kwa barabara kutoka kusini ni Uppie. Akishahesabiwa, hahami.

Katika mji wa namna hiyo jezi itamwambia nani nini? Mtu wa Lamu haangalii shati kumjua wa Mkomani na wa Langoni. Watu wa Makunduchi, wakichapana mabua ya migomba siku ya Mwaka Kogwa, hawavai namba mgongoni. Pale Kirkwall wamesoma shule moja, wanafanya kazi karakana moja, wengine wameoleana. Tena ndani ya rundo la mamia ya watu huoni jezi. Unachoona ni kisogo cha mtu, sikio la mtu, na mkono usiojua wa nani. Wanavaa fulana nzito kuukuu za raga, suruali za jinzi na buti imara, na wengi huzungushia selotepu nene pale suruali inapokutana na buti, kwa sababu upindo ulio wazi hukanyagwa na mwenye suruali akaenda chini. Kwenda chini ndiko kunakoogopwa kuliko kitu chochote katika mchezo huu.

Sasa mpira wenyewe, maana hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini haupigwi mateke. Una uzito wa takriban kilo 1.4, na mpira wa miguu wa kawaida hauzidi gramu 450. Ukubwa unakaribiana, uzito ni mara tatu. Ganda lake ni vipande vya ngozi nene vilivyoshonwa kwa mkono kwa uzi wa kitani uliosokotwa nyuzi nyingi, kazi ya mwenye vidole kama vya fundi viatu. Hauna upepo ndani. Umeshindiliwa gome la kizibo lililosagwa, lile lile la vizibo vya chupa, na zamani lilipatikana kwenye mapipa yaliyoleta matunda kutoka ng'ambo. Kushindilia ndiko kunakokula muda. Gome linatiwa kidogo kidogo, linagandamizwa, linatiwa tena, mpaka mpira usibonyee hata ukisimamiwa. Ukishindiliwa kwa haraka hubaki na mahali palipolegea, na mpira uliolegea hubonyea mikononi, ukapoteza umbo kabla ya jioni. Mwisho vipande hupakwa rangi, cheusi na kahawia kwa zamu. Kila msimu inatakiwa mipira minne, miwili ya wavulana na miwili ya wanaume, kwa sababu hakuna mpira unaochezwa mara mbili. Sababu yake nitaifikia.

Gome hilo lina faida ya pili: linaelea. Goli la Doonies ni bahari.

Goli la Uppies ni ukuta. Upo mahali panapoitwa Mackinson's Corner, kusini ya mji, mpira uguse pale tu. Doonies wao lazima wautie mpira majini bandarini. Mpira hurushwa karibu na katikati ya pande hizo, kwenye Mercat Cross, msalaba wa jiwe wa soko la zamani uliosimama mbele ya kanisa kuu katika Broad Street. Anayeurusha huchaguliwa kwa heshima, mara nyingi ni mchezaji mkongwe aliyekwisha kustaafu. Anasimama juu ya ngazi za msalaba, wachezaji wamekwisha kujipanga chini yake mikono hewani. Saa ya kanisa ikigonga mara moja, ambayo kwetu ni saa saba, anaurusha. Mpira hupanda, hushuka, unamezwa. Watazamaji wengi hawauoni tena mpaka mwisho.

Msomaji wenu ataniuliza: kama hauonekani, wanatazama nini? Wanatazama rundo, na rundo husomeka kama anayejua bahari anavyosoma mkondo. Walio katikati kabisa ni wachezaji wakubwa wa miili, wawili watatu wa kila upande, wote wameushika mpira kwa pamoja, umebanwa baina ya matumbo yao. Hao hawasukumi. Kazi yao ni kushika na kusimama. Wanaosukuma ni tabaka zinazofuata, mgongo au bega likiwa kwenye mwenzake wa mbele, na nguvu inatoka miguuni. Tabaka la nje kabisa ndilo lenye macho. Wale wa nje huona upande gani umelegea na hupiga kelele kuwaambia walio ndani, ambao hawaoni kitu. Anayeingia katikati huingia na mikono juu. Ukiingia mikono ikiwa ubavuni, rundo likikaza hutaitoa tena, na mtu asiye na mikono hawezi kujisukuma kupata nafasi ya kifua chake kuvuta pumzi.

Mvuke mliouona pichani ni jasho. Nje kuna baridi ya Desemba katika latitudo ya nyuzi 59 kaskazini, ndani ya rundo joto ni la tanuri.

Rundo likiwa Broad Street, ambayo ni pana, linaweza kuzunguka. Likiingia Albert Street kuelekea bandarini, mtaa ni mwembamba na nguvu yote hupita kama maji kwenye mfereji. Hapo Doonies wakishika mwendo ni vigumu kuwazuia, na kutoka hapo Bridge Street inawafikisha majini. Kusini, Uppies wana Victoria Street, nyembamba vile vile, kisha Main Street hadi kwenye kona yao. Au wanauvuta mpira hadi Junction Road, ambayo ni barabara pana, na kwenye barabara pana mbio huwa na maana kuliko nguvu. Kwa hiyo nusu ya ubishi wa mchezo mzima ni njia gani ishikwe, na ubishi huo hufanyika kwa mabega.

Baina ya mitaa hiyo kuna vichochoro, na vichochoro ndivyo vinavyoharibu mahesabu. Upande unaosukumwa, ukiona unazidiwa, hujitahidi kulipindisha rundo liingie kichochoroni. Kichochoro upana wake ni watu watatu. Wanaoweza kusukuma ni hao watatu tu, wengine mia wako nje wamesimama. Mpira unaweza kukaa humo saa nzima na zaidi bila kusogea hatua kumi, na wanaofurahi ni waliokuwa wakishindwa, kwa sababu wamepata kupumua. Kuingiza mpira kichochoroni ni ufundi kamili, ingawa kwa mpita njia unaonekana ni ajali.

Ufundi mwingine ni magendo. Ndivyo wanavyoliita hasa: kuutorosha mpira kama bidhaa isiyolipiwa ushuru. Aliye katikati anaupitisha chini, mkono kwa mkono, hadi kwa mtu wa pembeni. Huyo anauficha ndani ya fulana, anatembea kama anayekwenda kupumzika, kisha anatimua mbio. Wakati huo huo wenzake ndani ya rundo wanaendelea kusukuma na kuguna kana kwamba wanao. Magendo hushindwa kwa sababu moja kuliko zote: mwenye mpira kukimbia peke yake. Akishikwa na wawili bila mwenzake kuwapo wa kumpokea, mpira umehama, na wenzake wako mita mia nyuma wanasukuma hewa. Ndiyo maana wajuzi husambaza wakimbiaji wao mapema kwenye pembe za mitaa, na ukiona vijana watatu wembamba wamesimama mbali na rundo wakijifanya wanaongea, wajue hao. Iko na hila ya kinyume: mtu asiye na kitu anashika tumbo na kukimbia, nusu ya mji unamfukuza, mpira unatokea upande wa pili. Imewahi kutokea pia mpira kupandishwa juu ya mapaa.

Kwa mchezo huo, dakika tisini zinatoka wapi? Ba' nyingine imekwisha kwa dakika chache kwa sababu ya magendo yaliyofaulu. Nyingi huchukua saa kadhaa, na kuvuka saa tano si ajabu. Desemba jua la Kirkwall linazama saa 9 na robo alasiri, saa mbili na kitu tu baada ya mpira kurushwa. Sehemu kubwa ya mchezo huwa gizani, chini ya taa za mtaa. Hakuna mapumziko ya nusu mchezo. Anayechoka hutoka, anakaa ukutani, akipata nguvu anarudi. Kosa la vijana wanaotoka Ba' ya wavulana kuingia ya wanaume ni kuimaliza nguvu yote katika nusu saa ya kwanza, wakati rundo halijaondoka hata mbele ya kanisa.

Sasa refa. Kuna kamati ya Ba' inayoshughulikia matayarisho, lakini siku yenyewe hakuna mwenye filimbi, na sheria inayotekelezwa ni moja ambayo hakuna aliyeiandika. Mtu akianguka au akizimia, walio karibu hupaza sauti, na rundo, la pande zote mbili, hulegea mpaka ainuliwe na kupitishwa nje. Anayeitwa na sauti hiyo akaendelea kusukuma hataulizwa na kamati. Ataulizwa Jumatatu kazini, na atakayemuuliza ni mtu anayemjua mama yake. Refa angeifanyaje kazi hiyo vizuri zaidi? Angepuliza filimbi kwenye kelele za mamia ya watu, nje ya rundo, akiwa haoni kinachotokea ndani. Anayeona ni aliye bega kwa bega na aliyeanguka, na huyo ndiye aliyepewa kazi.

Sisemi watu hawaumii. Mbavu huvunjika, vifundo vya miguu huteguka, na hatari kubwa si ngumi bali ukuta: anayebanwa baina ya rundo na jiwe hana pa kwenda. Ngumi zipo, na huishia pale pale. Mlevi ndiye mbaya. Haumudu uzito wake, na akianguka anaangusha wanne.

Nyumba nazo hujikinga. Siku kadhaa kabla ya Krismasi, wenye maduka ya njia ya Ba' hukingamisha mbao nene mbele ya milango na madirisha, kwenye vishikizo vya chuma vilivyokaa ukutani mwaka mzima. Mbao zinakwenda kwa mlalo, moja juu ya nyingine, zikiachiana nafasi. Hazikusudiwi kuzuia mtu kupita. Zinapokea uzito wa rundo ili usifike kwenye kioo. Magari huondolewa. Fujo, Mhariri, haitanguliwi na seremala.

Hapa nifikie ile sababu ya mipira minne. Mpira ukigusa ukuta au ukiingia majini, mchezo umekwisha, lakini jambo muhimu halijaanza. Upande ulioshinda unabaki pale pale na kumchagua mmoja wao apewe mpira awe nao maisha yake yote. Si lazima awe ndiye aliyeufikisha. Anatafutwa mtu aliyecheza vizuri siku hiyo na miaka mingi kabla, kumi, ishirini, na ambaye hajapata kupewa. Majina yanapigwa kelele, wengine wanatetea huyu, wengine yule. Upande ukiwa ni Doonies baadhi yao wanabishana wakichuruzika maji ya bahari, maana mpira ukitumbukia na wachezaji huufuata. Makubaliano yakipatikana mshindi anabebwa juu juu, na usiku nyumba yake iko wazi kwa wachezaji, hata wa upande ulioshindwa. Kwa hiyo familia ya mchezaji mwenye matumaini huweka akiba ya chakula na vinywaji bila kusema kwa nini. Mpira hutundikwa nyumbani. Wavulana nao hufanya vivyo hivyo na mpira wao.

Refa akiwapo, ataandika jina la aliyefunga. Papo hapo kijana mwepesi aliyekimbia hatua ishirini za mwisho atachukua mpira, na mzee wa miaka arobaini aliyesimama katikati ya rundo tangu saa saba atarudi nyumbani na mbavu zake. Hilo ndilo msomaji wenu hakuliona aliposhauri.

Kuna mengine yanayosimuliwa ambayo mnaweza kuyachapisha, ila kwa tahadhari. Husemwa kwamba mpira wa kwanza kabisa kilikuwa kichwa cha jabari aliyeitwa Tusker, kilichochukuliwa na kijana aliyefia pale msalabani baada ya jino la kichwa hicho kumkwaruza mguu. Hadithi kama hiyo ya jino imo katika masimulizi ya kale ya watawala wa Orkney, na mimi naona imekopwa kutoka huko. Husemwa pia kwamba Uppies wakishinda viazi vitastawi, Doonies wakishinda samaki watakuwa wengi, imani ambayo inaeleweka ukikumbuka nani alikaa upande wa mashamba na nani bandarini. Kilicho na uhakika ni kwamba wanawake walicheza Ba' yao mara mbili, Krismasi ya 1945 na Mwaka Mpya wa 1946, na haikurudiwa.

Basi naomba msahihishe maneno ya ile picha. "Ba' ya wanaume, Kirkwall, Orkney" yanatosha. Na mpiga picha wenu, kama atatumwa Desemba ijayo, atafute dirisha la ghorofani Albert Street mapema asubuhi, kabla Ba' ya wavulana haijaanza. Akibaki chini asisimame baina ya rundo na mbao za duka, hata kama rundo linaonekana limetulia. Likigeuka hugeuka lote, na kamera haina mikono ya kuinua juu.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Aberdeen, Uskoti